MLIO WA MASIKIONI SI SIRI YA MTU MMOJA



Mkono wa mtu ukikatwa na mashine, kila mtu auona. Bwana mkubwa auona, daktari auona, na karatasi za malipo hujazwa. Lakini liko jeraha lingine la kazi yetu lisilotoka damu wala kufungwa bendeji, na mwenye nalo hutembea kati yetu akidhaniwa mzima kabisa. Jeraha hilo ni mlio wa masikioni. Kwa mmoja hulia kama nyenje wa usiku, kwa mwingine kama mvuke unaovuja kwenye bomba, kwa wa tatu kama firimbi ya gadi isiyokoma. Mtu mwingine hausikii. Madaktari huuita tinitasi.

Mwezi huu twautoa ukurasa huu kwa jambo hili, kwa kuwa wako wenzetu wa karakana, wa injini na wa njia waliokaa nalo miaka mingi bila kumwambia mtu. Neno letu ni moja: mlio huu si uchawi, si wazimu, wala si aibu. Mara nyingi kwetu sisi ni jambo la kazi, na jambo la kazi huletwa mkutanoni.

Yafaa kwanza tujue hutoka wapi. Ndani kabisa ya sikio iko nyumba ndogo iliyojizungusha kama kombe la konokono. Humo mna vinyweleo vidogo sana, jicho tupu haliwezi kuviona. Sauti ikiingia huvitikisa, na habari hupelekwa kwenye ubongo, kama vile stesheni moja ipelekavyo habari ya gari kwa stesheni ya mbele. Kelele kubwa ikivipiga vinyweleo hivyo siku baada ya siku, huchoka, halafu hufa, na vikifa havioti tena. Hapo ubongo hukosa habari uliyozoea kupata. Madaktari wengi wasema kwamba basi ubongo hukaza kusikiliza, hata ukasikia sauti ambayo haipo nje. Ndiyo sababu mlio na uziwi mara nyingi hufuatana.

Jambo hili si geni kwa watu wa chuma. Mwaka 1886 daktari mmoja wa Glasgow, jina lake Thomas Barr, aliwapima masikio mafundi 100 wa boila. Hakuona hata mmoja mwenye kusikia sawasawa. Boila ndizo zilizovuta magari yetu ya moshi tangu kazi ya reli ilipoanzia Mombasa mwaka 1896. Siku hizi mvuke umekwisha na dizeli imeshika kazi, lakini sikio la binadamu ni lile lile. Injini ya dizeli, honi, kompresa, mashine ya kusagia chuma, nyundo juu ya bamba, na breki zinazolia kwenye kona, zote zaingia katika tundu lile lile.

Wala mwenye mlio asidhani yu peke yake duniani. Hesabu iliyotolewa na wataalamu mwaka 2022, baada ya kukusanya habari za nchi nyingi, yaonyesha kwamba katika watu wazima 100, kama 14 hivi huusikia, na kama 2 wauona kuwa taabu kubwa sana. Martin Luther naye, mhubiri wa Ujerumani wa miaka ya 1500, aliteswa na mlio kichwani akadhani ni shetani anayempiga. Basi tusimcheke mwenzetu anayekwenda kwa mganga akidhani amerogwa. Tumweleze.

Sasa tuseme juu ya taabu yenyewe, kwa kuwa asiye nayo huiona ndogo. Mchana kelele ya kazi huufunika mlio. Mtu atoka zamu, afika nyumbani, watoto wamelala, taa imezimwa, na hapo ndipo mlio huamka. Usingizi hauji. Asubuhi ni mzito, hasira iko karibu. Mkewe amwita mara mbili, hajibu, naye mke adhani amedharauliwa. Barazani wenzake wacheka neno ambalo hakulisikia, naye huacha kwenda barazani. Wengine hutafuta usingizi katika chupa, na pombe yenyewe humvunjia mtu usingizi kabla ya alfajiri. Wako hata waliofika mahali pa kuchoka kuishi. Ndugu, ukifika hapo, usingoje zamu ya kesho. Mwambie mtu siku hiyo hiyo, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mficha maradhi kilio humfichua.

Je, iko dawa? Tuseme kweli. Hakuna kidonge kilichothibitishwa kuuondoa mlio huu kabisa, na mtu akikuuzia chupa sokoni akiapa kwamba utapona kwa siku saba, okoa pesa zako. Lakini kukosa kidonge si kukosa msaada. Yako mambo ya kufanya, nayo ni haya.

Kwanza, mwone daktari. Pengine sababu ni nta iliyojaa sikioni, nayo hutolewa kliniki kwa muda mfupi. Usichokoe kwa kiberiti wala unyoya. Pengine ni ugonjwa wa ndani ya sikio, au dawa ulizotumia: kwinini ya malaria yaweza kuleta mlio, aspirini nyingi vile vile, na sindano kama streptomycin na gentamicin zaweza kuliumiza sikio. Usiache dawa kwa shauri lako mwenyewe. Mwambie daktari unausikia mlio. Na yako mambo yasiyongoja: sikio likizibika ghafula usisikie, nenda siku hiyo, maana matibabu yakichelewa nafasi hupotea. Kadhalika ukiusikia mlio wa upande mmoja tu, au unaopiga pamoja na moyo, au kizunguzungu kikikushika, au usaha ukitoka, usikae nyumbani.

Pili, usitafute kimya. Mwaka 1953 huko Marekani, wataalamu wawili, Heller na Bergman, waliwaweka watu 80 wenye masikio mazuri, mmoja mmoja, katika chumba kisichoingia sauti. Karibu wote, 94 katika kila 100, walisikia milio ambayo haikuwapo. Maana yake ni kwamba kimya kikubwa huufanya mlio uonekane mkubwa. Basi usiku weka redio chini chini, au feni, au fungua dirisha sauti za nje ziingie. Sauti iwe ndogo kuliko mlio wenyewe. Kazi yake si kuufunika, ni kuupa jirani.

Tatu, ikiwa umepoteza kusikia, uliza habari ya kifaa cha kusaidia kusikia. Wengi wakisikia tena maneno ya watu, mlio nao hupungua machoni pao. Kukivaa si uzee; mtu avaaye miwani haulizwi ana miaka mingapi.

Nne, moyo. Matibabu yaliyoonekana kusaidia zaidi juu ya taabu ya mlio ni mazungumzo na mtaalamu wa mambo ya akili, mara kadhaa kwa mpango, ambayo humfundisha mtu kuyakamata mawazo kama “nimekwisha” na kuyapima kama ni kweli. Palipo na hospitali yenye mtaalamu huyo, uliza. Pasipo na mtaalamu, anza kwa kumweleza mkeo na mwenzako wa zamu mmoja. Mke akijua sababu ya kutojibiwa, nusu ya ugomvi imekwisha.

Tano, linda masikio yaliyobaki. Kelele mpya huongeza jeraha la zamani.

Mtu atauliza: je, nitauzoea kweli? Tumjibu kwa jambo tunalolijua sote. Mgeni akija kulala katika nyumba zilizo kando ya njia ya reli, gari la usiku likipita huruka kitandani. Asubuhi amwuliza mwenyeji wake, naye mwenyeji hajui hata kama gari limepita. Gari halikupunguza kelele kwa ajili ya mwenyeji. Ni yeye ambaye kwa siku nyingi amelijua kuwa si adui, basi akili yake hailiamkii tena. Mlio nao ni hivyo kwa wengi. Huenda usiondoke, lakini waweza kufika mahali ambapo wapita na mtu hauamkii. Huchukua miezi, na zitakuwako siku za kurudi nyuma, hasa ukichoka au ukiwa na mashaka. Siku hizo si kushindwa.

Hapa tumesikia wengine wakinung’unika: “Chama kinatufundisha kuvumilia ili tajiri asitumie pesa zake.” Sivyo. Aliyekwisha kuumia lazima asaidiwe aishi vizuri leo, kama vile mwenye mguu uliovunjika hupewa gongo. Lakini kumpa mtu gongo si kusamehe shimo lililomwangusha. Shimo lazima lifukiwe, na hilo ndilo dai la chama.

Sheria iko upande wetu. Kanuni za kuzuia kelele kazini za mwaka 2005 zasema mfanyi kazi wa Kenya asiwekwe katika kelele inayozidi desibeli 90 kwa saa 8 ndani ya siku moja. Tena kelele ikizidi 85, ni lazima mwenye kazi awe na mpango ulioandikwa: kupima kelele, kuzipunguza mashine sauti, kuwafundisha watu, kutoa vikinga masikio, na kuwapima watu masikio. Na tusidanganywe na udogo wa tarakimu. Desibeli 3 tu zikiongezeka, nguvu ya sauti imekuwa mara mbili. Huna kipimo? Simama umbali wa mkono mmoja na mwenzako. Ikiwa ni lazima upige kelele ndipo akusikie, hapo yaelekea kelele imepita 85.

Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 yataka mahali penye watu 20 au zaidi pawe na komiti ya usalama, na yamkataza mwenye kazi kumfukuza au kumwonea mtu kwa sababu amelalamika juu ya hatari. Na sheria ya malipo ya kuumia kazini ya mwaka huo huo yahesabu maradhi yatokanayo na kazi. Basi andika: siku mlio ulipoanza, mahali ulipofanya kazi, mashine gani, daktari gani alikuona. Maneno matupu hupeperuka, karatasi hukaa.

Lakini twajua vema kwa nini watu hunyamaza. Dereva afikiri: nikisema sisikii vizuri, nitashushwa kwenye injini, na mshahara utashuka nami. Hofu hii si upuuzi, ina watoto wa kulisha nyuma yake. Ndiyo maana dai letu la kwanza si vikinga masikio. Dai la kwanza ni kwamba mtu aliyeumizwa masikio na kazi akihamishwa, ahamishwe na mshahara wake. Bila hilo kila kipimo cha masikio kitakuwa mtego, na watu wataendelea kuficha. Na dereva anayeficha ni hatari kwake, kwa gadi wake na kwa abiria walio nyuma yake.

Madai mengine ni haya: hesabu za kelele zilizopimwa zibandikwe ukutani mahali pa kazi, kila mtu wa mahali pa kelele apimwe masikio, na apewe nakala ya karatasi yake, mashine mbovu zinazopiga kelele zitengenezwe kwanza, kabla ya kumwambia mtu azibe masikio, na watu wa njia wavaapo vikinga, awekwe mlinzi wa kuangalia gari, kwa kuwa aliyeziba masikio hawezi kulisikia likija nyuma yake.

Nasi tuna sehemu yetu. Wako vijana karakanani wanaovicheka vikinga na kuvitundika shingoni kama mkufu. Wazee wetu walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kijana huyu akiendelea hivyo, miaka ijayo hatalisikia la mkuu hata akitaka. Mafundi wa zamani, mwambieni. Nyinyi mwajua gharama yake.

Basi twaomba kila katibu wa tawi aliweke jambo hili katika mkutano ujao, mapema, watu wakiwa bado wamekaa. Aulize: nani kati yetu husikia mlio usiku? Wa kwanza kuinua mkono atakuwa na shida. Wa pili atakuwa na shida kidogo. Majina yao yakabidhiwe komiti ya usalama kwa siri kama wapendavyo, na hesabu yao iletwe kwetu, tuipeleke mezani pamoja na madai haya.

MHARIRI