Mabao ya Vijeba Hayanidanganyi

Wadau, nimechoka kusikia "kuna mshambuliaji balaa Singida, anafunga kila mechi." Ana miaka mingapi? Anamfunga nani? Mtu wa miaka 20 akiwatungua watoto wa UMISSETA, hicho si kipaji, ni uonevu. Mwaka 2005 Serengeti Boys walienguliwa fainali za Afrika za chini ya miaka 17 kwa sababu ya kijeba, na bado tunahesabu mabao tu!

Anayeumia ni dogo wa kweli wa miaka 14 kule Iramba au Manyoni: kifua hana, lakini anajua akae wapi kabla mpira haujafika. Huyo anakalishwa benchi.

Makocha, andikeni umri kwanza, tena ule wa daftari la darasa la kwanza. Mabao baadaye. Vinginevyo mnasaka misuli, si wachezaji. Nani anabisha?