Nyota Begani



Siku moja darasani tuliwauliza wanafunzi wetu: "Afisa wa jeshi huvaa nyota begani kwa sababu gani?" Mmoja akajibu kwamba ni ili askari wajue wampigie nani saluti. Wa pili akasimama, akasema: "Mwalimu, mwenye nyota ni yule anayetuma wengine." Darasa zima likacheka. Sisi nasi tukacheka, maana mtoto yule alisema aliyoyaona kwa macho yake. Lakini jibu lake halikututoka moyoni siku ile nzima. Leo twapenda kumjibu, yeye na wenzake, na hata wazazi wao, kwa habari ya maafisa wahandisi wa jeshi la Uingereza waliopewa nyota zao mwaka 1940.

Mwaka ule Uingereza ilikuwa vitani na Ujerumani. Tangu tarehe 7 Septemba ndege za Wajerumani zilishambulia mji wa London usiku hadi usiku, siku 57 mfululizo. Mabomu mengi yalipasuka palepale yalipoanguka. Lakini karibu bomu moja katika kila kumi halikupasuka. Lilitoboa njia, bustani au sakafu ya nyumba, likazama ardhini mita kadhaa, likanyamaza. Bomu la namna hii lilileta taabu kubwa kuliko lile lililokwisha kupasuka. Kwa ajili yake watu walihamishwa majumbani, reli ilifungwa, kiwanda kikasimama, na hakuna aliyejua litalala kwa muda gani.

Ni nani basi wa kulitoa? Serikali iliwatwika kazi hiyo askari wahandisi, wale ambao tangu zamani kazi yao ni kujenga madaraja, kuchimba mahandaki na kufungua njia ili majeshi yapite. Maafisa walikuwa haba. Wakatafutwa watu waliosomea ujenzi: wahandisi wa barabara, wasanifu wa majengo, watu waliozoea kalamu na rula kuliko bunduki. Katika siku za amani afisa wa jeshi hufunzwa muda mrefu chuoni, na siku ya kupewa cheo huwa ya gwaride na tarumbeta, wazazi wakitazama. Wengi wa watu hawa hawakupata hayo. Walipewa mafunzo ya upesi upesi, kisha nyota moja begani kwa jina la Mfalme, cheo cha luteni wa chini. Baadaye kidogo walikabidhiwa askari kumi na kadhaa wenye sepetu, mbao na kamba, wakaonyeshwa shimo.

Sharti tueleze kidogo kazi yenyewe, ili msomaji apate kuona ugumu wake. Kila bomu la Wajerumani lilikuwa na kiwashio, yaani mtambo mdogo wa umeme uliotiwa ubavuni mwake ili kuwasha baruti. Juu ya kiwashio ilipigwa chapa ya namba ndani ya duara, na namba hiyo ndiyo aliyoitafuta afisa kwanza, akifuta udongo kwa kidole. Namba 15 ilikuwa ya bomu la kupasuka mara ligusapo ardhi. Namba 17 ilikuwa na saa ndani yake, iliyoweza kungoja hata siku tatu kabla ya kuwasha. Namba 50 ilikuwa mbaya zaidi, maana bomu lililala salama mpaka mtu alitikise. Mara nyingine bomu moja lilikuwa na 17 na 50 pamoja, hata asiweze mtu kuligusa wala kuliacha. Na chini ya kiwashio cha saa Wajerumani walianza kuficha mtego mwingine, ulioitwa Zus 40, wa kumwua yule atakayeking'oa.

Askari walichimba, wakaimarisha kuta za shimo kwa mbao zisiporomoke. Walipolifikia bomu, afisa aliwaamuru watoke, waende mbali. Kisha akashuka peke yake. Alitega sikio kwa chombo kile ambacho daktari humwekea mgonjwa kifuani, asikie kama saa inakwenda. Ikiwa inakwenda, alijaribu kuisimamisha kwa sumaku kubwa. Juu, askari wake walikuwa wakingoja nyuma ya ukuta. Hao ndio aliowatuma mwenye nyota: aliwatuma mbali na kifo, naye akabaki nacho.

Mnamo tarehe 12 Septemba 1940 bomu lenye uzito wa karibu tani moja lilizama karibu na kuta za kanisa kuu la Mtakatifu Paulo mjini London. Luteni Robert Davies na askari wake walilichimba siku tatu. Kisha likapakiwa katika gari, likapelekwa kwenye mabwawa ya Hackney na kupasuliwa huko. Siku chache baadaye, tarehe 24 Septemba, Mfalme George wa Sita aliweka nishani mpya iitwayo Msalaba wa George, kwa ajili ya ushujaa usiofanyika mbele ya adui. Davies na askari wake George Wyllie walikuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kuipata. Angalieni neno hili vema: nishani ilikwenda kwa afisa na kwa mchimbaji wake pia.

Sasa tuwatazame wawili kati ya maafisa hao. Wa kwanza ni Stuart Archer, aliyezaliwa London mwaka 1915, msanifu wa majengo kwa kazi yake. Tarehe 2 Septemba 1940 aliitwa katika kiwanda cha kusafishia mafuta ya petroli huko Llandarcy, katika nchi ya Wales. Matangi ya mafuta yalikuwa yakiwaka moto, na karibu yake mabomu yalikuwa yamelala bila kupasuka. Archer aliwaondoa watu wake, akafanya kazi mwenyewe katika joto lile, akatoa kiwashio. Chini yake akaukuta ule mtego, akautoa mzima. Wataalamu waliuhitaji mno, wapate kuufungua na kuwafundisha maafisa wengine jinsi ya kuushinda. Hatuwezi kuhesabu ni watu wangapi walirudi nyumbani kwa sababu ya kipande kile cha chuma.

Wa pili ni Michael Floud Blaney, mwana wa mji wa Newry huko Ireland, mhandisi aliyesoma mjini Dublin. Naye alipata nyota zake mwaka ule wa 1940, akapanda mpaka cheo cha kapteni. Alikuwa na kazi upande wa mashariki wa London, penye bandari, viwanda na nyumba za maskini. Wenzake walimjua kwa desturi yake moja: hakukubali mtu mwingine ahatarishwe pale ambapo yeye mwenyewe aliweza kutosha. Mwezi wa Septemba alitegua bomu la hatari, na mwezi wa Oktoba akategua lingine. Tarehe 13 Desemba 1940 aliitwa Manor Park, kwenye bomu lenye viwashio vya 17 na 50. Alipokuwa akilishughulikia likapasuka. Blaney alikufa, na wengine waliokuwapo wakafa pamoja naye. Alikuwa na umri wa miaka 30. Mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba amepewa Msalaba wa George, lakini begani hapakuwapo tena mtu wa kuvaa nyota. Walimzika kwao Newry.

Wasomaji wetu, mtu aliyebaki hai afanye nini kwa mwenzake aliyekufa? Sisi Waafrika twalijua jambo hili: twakesha matangani, twawafariji yatima, twampa mtoto jina la marehemu. Waingereza nao wana desturi zao. Kila mwaka mwezi wa Novemba husimama kimya mbele ya mawe yaliyoandikwa majina ya waliokufa vitani. Lakini maafisa wale wa mabomu walikuwa na ukumbusho mwingine, ambao hauhitaji jiwe. Katika kazi nyingine husemwa kwamba kukosea ndiko kujifunza. Katika kazi yao aliyekosea hakujifunza kitu, bali waliojifunza ni wenzake. Kwa hiyo ilikuwa wajibu kuandika kila hatua: nimegusa hiki, nimegeuza kile, saa inakwenda, saa imesimama. Kusudi lilikuwa kwamba bomu likipasuka, mwingine ajue ni hatua ipi iliyoua, asiirudie.

Mtu mmoja mwenye cheo kikubwa kati ya mabwana wa Uingereza, aliyeitwa Earl wa Suffolk, hakuwa askari, ila alifanya kazi hiyo pamoja na karani wake, bibi aliyeitwa Eileen Morden, na dereva wake Fred Hards. Earl akisema la kufanya, karani huandika. Tarehe 12 Mei 1941 bomu liliwaua wote watatu pamoja na askari kadhaa. Maarifa waliyokwisha kuyaandika siku za nyuma yaliwabakia wengine. Basi hii ndiyo maana ya kumkumbuka mwenzako: kuutunza ujuzi alioununua kwa damu, na kuufikisha kwa mwingine ukiwa mzima.

Wahandisi mia kadhaa wa jeshi lile walikufa wakitegua mabomu kabla vita haijaisha mwaka 1945. Archer hakufa. Aligusa mabomu zaidi ya 200, akarudi katika usanifu wa majengo, akajenga badala ya kuchimbua. Katika uzee wake alikuwa kwa miaka mingi mwenyekiti wa chama cha watu wenye nishani kubwa za ushujaa, akasimulia habari za siku zile kwa watu waliozaliwa baadaye. Alifariki tarehe 2 Mei 2015, akiwa na miaka 100. Blaney alipata 30, Archer 100, nao walipewa cheo kilekile, nishani ileile na mashimo ya namba zilezile. Aliyeishi hakuwa na haki zaidi ya aliyekufa. Pengine ndiyo sababu wazee wa vita hawapendi kuitwa mashujaa, bali hupenda zaidi kuwataja wenzao.

Huenda mzazi mmoja akasema: "Mwalimu, hayo ni mambo ya London, nasi tuko Kongo." Mzee wetu, usiseme hivyo. Mwezi wa Juni mwaka 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita katika mji wa Kisangani, mji usio wao. Raia wengi walikufa. Makombora yalianguka kwa maelfu juu ya nyumba, shule na makanisa, na mengine hayakupasuka. Yalibaki ardhini na vichakani baada ya askari kuondoka, wala hayakujua kwamba vita imekwisha. Watu wa kutegua mabomu walilazimika kuja na kuyatafuta moja moja, kwa kupiga magoti, kama wale wa London. Tangu hapo vita vingine vimepita katika mikoa ya mashariki ya nchi yetu, na chuma cha namna ile chaweza kulala shambani, mtoni, kando ya njia ya kwenda kuteka maji.

Kwa hiyo enyi wanafunzi, yashikeni maneno haya kama mshikavyo hesabu. Ukiona chuma usichokijua, hata kama ni kidogo, hata kama kinang'aa, usikiokote, usikipige jiwe, wala usikitie motoni. Usikipeleke kwa mhunzi wala kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Simama. Rudi polepole kwa njia ileile uliyoijia, ukifuata nyayo zako. Waite wenzako watoke. Weka alama mbali kidogo, watu waione. Kisha umwambie mzazi, mwalimu au mkubwa wa kijiji, naye awaarifu wenye kazi hiyo. Nanyi wazazi, mtoto akileta habari ya namna hii msimkaripie kwamba alikuwa akizurura. Mtoto aliyechapwa leo, kesho atanyamaza, na ukimya wake utamwua mwingine.

Tukimaliza, twarudi kwa mwanafunzi wetu. Mwanangu, hukusema uongo. Wako wenye nyota wanaotuma wengine kufa na wao wakabaki kivulini, na macho yako yamewaona. Lakini usifikiri kwamba nyota ilitengenezwa kwa kazi hiyo. Palikuwa na mhandisi mmoja wa Newry aliyewaambia askari wake wakae mbali, akatangulia shimoni. Wewe unaandika vizuri na hesabu waiweza, huenda siku moja ukapewa cheo, cha jeshi au cha ofisi au cha shule. Siku hiyo watu watakapokupongeza, waangalie kwanza waliowekwa chini yako, uwahesabu mmoja mmoja, ujue majina yao. Kisha uulize shimo liko wapi.