Taa Isafishe Mafuta, Isifiche Njugu Mbovu

Yale mafuta ya njugu unayouziwa katika chupa isiyo na lebo, ukiambiwa ni ya asili, je, umewahi kuuliza njugu zenyewe zilikuwa katika hali gani kabla ya kukamuliwa?

Njugu zikihifadhiwa kabla hazijakauka, huota kuvu itoayo sumu ya aflatoksini, ambayo huharibu ini na kuleta saratani. Mwaka wa 2004, mahindi yenye sumu hii yaliua watu 125 Makueni, Kitui na sehemu jirani. Na usidhani karai litakuokoa. Aflatoksini huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 260 ili ivunjike, nasi viazi twavikaanga kwa nyuzi 180 hivi.

Viwanda vikubwa husafisha mafuta kwa kemikali na udongo maalum, na karibu sumu yote huondoka. Mwenye mashine ndogo mtaani hana mitambo hiyo. Ndiyo sababu wanasayansi, hasa wa India na China, wamejaribu miale ya ultravioleti, ile isiyoonekana iliyomo katika mwanga wa jua. Sumu hii hunasa miale hiyo na kuvunjika.

Mimi naiunga mkono taa hiyo, lakini si kwa upofu. Mwanga haupenyi pipa lililojaa. Ni lazima mafuta yapite mbele ya taa yakiwa utando mwembamba. Yakimulikwa kupita kiasi huchacha. Isitoshe, sumu iliyovunjika huacha mabaki ambayo nayo yafaa yapimwe. Basi usikimbilie kuanika chupa yako juani.

Linalonikera zaidi ni mashudu. Njugu zinapokamuliwa, sehemu kubwa ya sumu hubaki humo, wala si katika mafuta, na taa haiyagusi. Mashudu hayo huuziwa wafugaji. Ng'ombe akiyala, sumu hutokea katika maziwa ikiwa imebadilika umbo, na kuyachemsha hakuiondoi. Kwa hivyo, mwenye mashine anayenunua njugu za kuvu kwa bei ya kutupa, akijitetea kwamba ana taa, atakuwa ameitoa sumu katika chupa yako na kuitia katika kikombe cha mtoto wako.

Shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, limeweka kikomo cha sehemu 10 za aflatoksini katika kila sehemu bilioni moja ya njugu. Kikomo hicho kifuatwe mlangoni mwa kiwanda, gunia linapoteremshwa, kabla taa haijawashwa. Mashudu nayo yapimwe kabla ya kuuzwa. Nawe msomaji, ukienda kununua mafuta, mwombe mwenye mashine akufungulie gunia. Ukiona njugu zilizosinyaa au zenye rangi ya kijani kibichi, mwachie mafuta yake.