AVC: Mukono uliopooza unangoja kine, si roboti

Mutu akipigwa na AVC, mara nyingi mukono ndio unachelewa kurudi. Familia ikisikia kwamba ng'ambo kuna roboti inayoshika mukono wa mugonjwa na kuusogeza mara mingi, inaanza kuwaza kuuza shamba. Lakini roboti inasaidia kweli?

Uingereza walipima. Katika uchunguzi wa RATULS, wagonjwa 770 waligawanywa makundi matatu: roboti, mazoezi ya nyongeza na mutu, na matunzo ya kawaida. Mazoezi yalikuwa dakika 45, mara tatu kwa juma, majuma 12. Matokeo ya 2019: kwa kazi ya mukono, roboti haikushinda matunzo ya kawaida. Mazoezi na mutu nayo hayakushinda, ila wagonjwa walijiweza zaidi kwa kazi za kila siku.

Huku mashariki ya Kongo shida ni ingine. Kine analipwa kila seanse. Makuta ikiisha, mugonjwa anaacha. Basi swali la kupeleka kwa wakubwa wa afya si roboti. Ni kine katika kila zone ya afya, kwa bei ambayo mulimaji anaweza. Na nyumbani, mugonjwa aachiwe kikombe ashike mwenyewe, kila siku, na dawa ya tension isikatwe.