Kambi za michezo Busia: Nani anajitolea, nani hajiwezi?

Likizo ya Agosti inapokaribia, mazungumzo ya kambi za michezo kwa vijana wa familia maskini huanza upya mpakani. Huombwa mipira, jezi na chakula, kisha hutafutwa watu wa kujitolea, na aghalabu hao hutafutwa mbali: Nairobi, au hata Ulaya. Nia ni njema, na mwenye nia njema hastahili kejeli. Hata hivyo, yamo maneno mawili katika barua za maombi ambayo yafaa yachunguzwe kabla ya mpira wa kwanza kununuliwa.

Neno la kwanza ni "kujitolea". Kitenzi "toa" kimefanywa "tolea", kisha kikatiwa kirejeshi -ji-. Anayejitolea hutoa nafsi yake kwa ajili ya mwingine. Jezi na mipira ni nyongeza tu. Neno la pili ni "wasiojiweza", jina tunalowapachika vijana wenyewe. Humo pia mna -ji-, ila hapa kitenzi kimekanushwa. Kwa hiyo barua moja humpa mgeni nafsi ya kutoa, ikamnyima kijana nafsi ya kuweza. Lugha haina lawama hapo. Lawama ni yetu tulioyachagua maneno.

Hebu tumtazame huyo tunayemwita asiyejiweza. Ni kijana wa miaka 15 anayeamka alfajiri kusukuma baiskeli yenye gunia la mahindi kupitia njia za panya. Anaijua thamani ya shilingi ya Uganda siku hiyo kuliko mwalimu wake wa hesabu. Nyumbani anasema Kisamia au Kiteso, sokoni Kiswahili, na ng'ambo anaombea bei kwa Kiganda. Ni katika mpaka huu ndipo lilipozaliwa neno "boda boda", pale waendesha baiskeli walipowavusha abiria kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Leo neno hilo linatumika Afrika Mashariki nzima. Anachokosa kijana huyu ni karo, muda wa kucheza, na mtu mzima wa kumwangalia bila kumtuma kazi.

Upo mfano wa karibu. Mwaka 1987, katika mtaa wa Mathare jijini Nairobi, kilianzishwa chama cha michezo cha vijana kinachojulikana kwa kifupi MYSA. Mwanzilishi wake, Bob Munro, alikuwa mgeni kutoka Kanada, lakini kazi ilifanywa na vijana wenyewe. Timu iliyosafisha mitaro na kuzoa taka ilipata pointi katika jedwali la ligi. Vijana walikuwa makocha, waamuzi na viongozi wa kamati, na waliojitolea zaidi walisaidiwa karo. Mwaka 1994 ikazaliwa Mathare United, na mwaka 2008 klabu hiyo ikatwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya. Kule Kilifi nako, tangu 2001, shirika la Moving the Goalposts limewawezesha wasichana kucheza soka, kuamua mechi na kuendesha ligi zao wenyewe.

Tofauti iko wapi? Kambi ya wiki mbili ina picha nyingi na kwaheri yenye machozi. Septemba uwanja huwa mtupu. Kijana aliyeanza kumzoea mkufunzi wake anabaki na jezi tu, na kwa maoni yangu hilo ni pigo kwa mtoto ambaye tayari ameachwa na watu wazima wengi.

Sisemi mgeni afukuzwe. Busia inajua manufaa ya wageni: mwaka 1998 ulianza hapa mradi wa dawa za minyoo uliohusisha shule 75, ukaonyesha kwamba watoto waliotibiwa walipunguza utoro. Michael Kremer, mmoja wa watafiti wake, alikuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Lakini dawa zile zilitolewa shuleni, mahali ambapo watoto wapo muhula hadi muhula.

Kambi nazo zipitie humo humo. Wanafunzi wetu wa vyuo hurudi Busia, Amagoro na Port Victoria likizoni, nao wanaweza kusema "mkabe", "rudi nyuma" na "umeotea" mtoto akaelewa papo hapo, bila mkalimani kukimbia kando ya uwanja. (Nimeshuhudia mkalimani wa namna hiyo, yeye ndiye aliyechoka kuliko wachezaji.) Mwalimu mkuu naye ana wajibu wa kumhoji kila anayetaka kukaa na watoto, awe mzungu au mwana wa jirani, maana nia njema haina cheti.

Walimu watauliza nani atalipa, na swali lao ni la haki. Kujitolea kusiwe jina la heshima la kushinda na njaa. Shule ikitoa uwanja wake kila Jumamosi, gharama kubwa itakayobaki ni nauli na chakula cha mchana cha wakufunzi, kiasi ambacho bajeti ya michezo ya Kaunti ya Busia haiwezi kushindwa kukibeba. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Anayengoja Agosti ndipo aandike barua amekwisha kuchelewa.