Tupu Si Sifuri: Korona, Kenya na Tanzania

Leo naomba tuweke kando habari za simu mpya na programu mpya, tuzungumze juu ya takwimu. Najua wapo watakaosema korona imepita, ya nini kuifukua? Naifukua kwa sababu ugonjwa mwingine utakuja, na barabara ya kwenda Namanga ni ile ile.

Sisi tunaoandika programu hufundishwa jambo moja mapema sana tunapoanza hifadhidata. Kisanduku kilichoandikwa 0 na kisanduku kisicho na kitu ni mambo mawili tofauti. Sifuri maana yake umehesabu na hukupata kitu. Tupu maana yake hukuhesabu. Ukivichanganya, tarakilishi haitalalamika. Itakupa jibu safi, lenye jedwali zuri na rangi za kupendeza, na jibu hilo litakuwa la uongo.

Sasa tazama majirani wawili. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 13 Machi 2020. Tanzania ikafuata tarehe 16 Machi. Siku tatu tu! Nchi zote mbili zikafunga shule. Mpaka hapo, mwendo ulikuwa mmoja.

Kisha njia zikaachana. Kenya iliweka kafyu tarehe 27 Machi, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili eneo la Nairobi likafungwa, na mstari ukaikata kaunti yetu ya Machakos vipande viwili: Athi River na Katani ndani, mji wa Machakos nje. Mwaka uliofuata, Machi 2021, kaunti nzima ikafungwa pamoja na Nairobi, Kiambu, Kajiado na Nakuru. Kafyu yenyewe iliondolewa siku ya Mashujaa, 20 Oktoba 2021.

Tanzania haikufunga watu majumbani. Masoko yaliendelea, makanisa na misikiti ikaendelea. Tarehe 3 Mei 2020 Rais Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara kwa majina ya watu, na majibu yakasema zina virusi. Mkuu wa maabara ya taifa akasimamishwa kazi. Hesabu ikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na dashibodi za dunia zikabaki na namba hiyo kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mwezi Juni rais akatangaza kwamba nchi haina korona tena.

Ndugu zangu, kuupima mfumo kwa data ya uongo si dhambi. Sisi hufanya hivyo kila siku: unaiingizia programu upuuzi ili uone kama itaukataa. Lakini ukishagundua hitilafu unafanya nini? Unatafuta chanzo, unarekebisha, unapima tena mbele ya mashahidi. Huzimi seva halafu ukasema mfumo hauna hitilafu kwa kuwa hakuna ujumbe wa hitilafu unaotokea!

Hapa naomba nieleweke. Sisemi Tanzania ilikosea kwa kutofunga watu. Huo ni mjadala halali. Anayekula leo kwa kazi ya leo hawezi kukaa ndani wiki mbili, na uchumi wa Tanzania ulikua mwaka 2020 wakati wetu ulirudi nyuma kidogo. Uswidi nayo haikufunga watu wake kama majirani zake. Lakini Uswidi ilihesabu. Ilihesabu wagonjwa, ikahesabu vifo, ikaunda tume ya kuichunguza serikali yake yenyewe, na watu wake wakagombana kwa namba mkononi. Kutofunga ni sera. Kutohesabu ni kuwanyima wananchi njia ya kujua kama sera inafaa. Watu huyaunganisha mambo haya mawili, na mimi nasema yatenganishwe.

Tena haikuishia kwenye kutohesabu. Tangu 2018 mwanablogu wa Tanzania alitakiwa kulipia leseni. Julai 2020 zikaja kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni, zikakataza kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa bila idhini ya mamlaka. Kwa hiyo kisanduku kilikuwa tupu, na aliyetaka kukijaza angeweza kushtakiwa.

Je, sisi Wakenya tulifaulu? Tusijipige kifua. Mamlaka ya IPOA ilisema mwanzoni mwa Juni 2020 kwamba imepokea ripoti za vifo 15 vilivyohusishwa na polisi tangu kafyu ianze. Fedha za vifaa vya korona zilizua kashfa ya KEMSA mwaka huo huo. Hata takwimu zetu zilisomwa kwenye mkutano na waandishi wa habari na kutolewa kama taarifa za maandishi, kitu ambacho binadamu husoma lakini programu hukitafuna kwa shida. Na ambaye hakupimwa hakuhesabiwa, akifa kijijini anazikwa na hesabu haimjui. Namba zetu zilikuwa pungufu. Lakini namba pungufu inaweza kusahihishwa. Unajua wangapi walipimwa, unakisia waliobaki. Tupu huwezi kuisahihisha.

Gharama ya yote haya ilionekana kwa madereva wa malori. Pale Athi River barabara inagawanyika, moja inaenda Mombasa na nyingine Namanga. Mei 2020 Kenya ilifunga mpaka na Tanzania isipokuwa kwa mizigo, na kila dereva akapimwa. Kenya ikasema baadhi ya madereva kutoka Tanzania wana virusi. Viongozi wa Arusha wakapinga, wakisema walipopimwa upande wao hawakuwa navyo. Dereva ana mwili mmoja na majibu mawili, lori limesimama, nyanya zinaoza! Agosti mgogoro ukapanda angani: Tanzania ikazuia ndege za Kenya Airways, ikazirudisha Septemba.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilijaribu dawa ya kiteknolojia, mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo na madereva, ili cheti cha nchi moja kisomeke katika nchi nyingine. Wazo zuri sana. Lakini wakuu wa nchi walipokutana kwa video tarehe 12 Mei 2020, Tanzania na Burundi hazikuwepo. Programu haiwezi kuunganisha serikali ambazo haziaminiani. Msimbo wenyewe ni kazi ndogo. Makubaliano juu ya kinachohesabiwa ndiyo kazi kubwa.

Mambo yalibadilika. Baada ya Magufuli kufariki Machi 2021, Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, takwimu zikarudi, na tarehe 28 Julai 2021 akachanjwa hadharani. Marburg ilipozuka Kagera Machi 2023, Tanzania ilitangaza yenyewe, na Juni ikatangaza kwamba mlipuko umekwisha. Lakini Januari 2025, WHO iliposema kuna dalili za Marburg Kagera, wizara ilijibu kwamba sampuli hazina kitu. Siku chache baadaye rais mwenyewe, akiwa na mkuu wa WHO, akathibitisha mgonjwa mmoja. Heri kuchelewa siku chache kuliko mwaka mzima, lakini tabia ya kukana kwanza haijafa.

Ninachodai ni kidogo. Kila nchi ya jumuiya itoe kila siku ya mlipuko faili moja ya wazi, inayosomeka na tarakilishi: waliopimwa, waliopatikana, waliofariki. Idadi ya waliopimwa iwe ya lazima, maana ndiyo inayotofautisha sifuri na tupu. Cheti cha maabara kikubalike pande zote mbili za mpaka. Na daktari, mwanahabari au mwanablogu anayesema "huku watu wanazikwa" asikamatwe.

Kila serikali ichague dawa yake, wafunge au wafungue. Wananchi wa pande zote mbili wana haki ya kuona hesabu. Mpaka huo ulichorwa na wakoloni kwa rula, ukapinda kidogo tu pale Kilimanjaro. Virusi havikuwahi kuiona ramani hiyo.

Wewe unaonaje? Hasa ndugu zangu wa Arusha na Moshi, nisahihisheni kama nimewaonea. Tuonane wiki ijayo.