Wingu la Pamoja na Haki ya Mwananchi wa Siakago

Istilahi "wingu" imezoeleka katika mijadala ya teknolojia. Maana yake si ngumu: tarakilishi zilizo mbali huhifadhi na kuchakata data ya watumizi wengi, nao huzifikia kupitia mtandao. Swali lisilozingatiwa ipasavyo ni hili: kitu hicho cha wengi kinagawanywaje?

Mfano mwafaka ni Idara ya Mahakama nchini Kenya. Mfumo wa kuwasilisha kesi kielektroniki ulianzishwa Nairobi tarehe 1 Julai 2020, kisha ukaenezwa katika mahakama zote nchini tarehe 11 Machi 2024. Hivyo basi, mkulima wa Mbeere anayedai shamba lake katika mahakama ya Siakago hutegemea mfumo ule ule anaoutumia wakili wa Milimani, Nairobi. Faida yake ni bayana, kwani faili haipotei kabatini kwa urahisi.

Hata hivyo, kutumia kitu kimoja si kukipata kwa kiwango kimoja. Wakili ana intaneti ofisini mwake. Mkulima hulipia huduma hiyo mjini, na umeme ukikatika hurudi nyumbani mikono mitupu, makataa yakimkaribia. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikalegea kote Afrika Mashariki. Wakazi wa Mbeere, kwenye mvua haba, wanaelewa vyema kwamba maji yakipungua, bomba la mwisho ndilo hukauka kwanza.

Kwa hivyo, ni kosa kudhani kwamba kuongeza seva kunatosha. Panahitajika kanuni za mgao. Kwanza, mtandao unapolegea, maombi ya dharura, kama vile ya dhamana, yatangulizwe. Pili, mfumo unapokwama, masjala ipokee karatasi, na siku hiyo ihesabiwe kuwa siku ya kuwasilisha. Tatu, ilani na maelekezo yote yapatikane kwa Kiswahili chepesi, maadamu Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua kuwa lugha rasmi.

Hapa ndipo ulipo wajibu wa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Istilahi zisiishie kamusini. Zimfikie anayezihitaji dirishani pa masjala. Pasipo kanuni zinazoeleweka na wote, "mwenye nguvu mpishe" ndiyo itakayokuwa sheria ya wingu.